Jiwe Halitupwi

Hija bin Khatib alikuwa fundi cherehani, na mwili wake ulikuwa wa fundi cherehani: miguu iliyozoea kukanyaga, vidole vyepesi, na mabega ambayo kila kanzu iliyashinda. Alishonea barazani kwa Ramji, pale Mkoani, kwenye duka ambalo karafuu ziliingia kwa magunia na kutoka kwa magunia. Hakuna siku aliyoombwa ayaguse. Wachukuzi walimzunguka kwa adabu, kama mtu anavyozunguka kikapu cha mayai, na yeye aliona hivyo ndivyo dunia ilivyopangwa.

Halikumsumbua hilo mpaka alipofariki baba yake.

Jeneza hupokezanwa. Mtu hutia bega, akaenda hatua chache, akaguswa na wa nyuma yake, akatoka. Thawabu ile ni ya wote na haina wa kuihodhi. Hija alilijua jambo hilo tangu utotoni, lakini siku ya baba yake alishika mbele, akaguswa bega, akakataa kutoka. Akaguswa tena, akakataa tena. Mapenzi yalimpanda kichwani, akaona kumwachia mwingine ni kumtupa mzee wake. Kwenye mteremko wa makaburini, nchi ikiwa imelowa kwa mvua ya masika, magoti yakamwisha nguvu. Jeneza liliinama, maiti akateleza, na lau si mikono ya watu angefika chini. Sanda ilipata tope.

Hakuna aliyemcheka wala aliyemlaumu. Watu walisema ni kudura ya Mungu, wakazika, wakarudi. Tangu siku ile kila palipotokea msiba, mtu mmoja mwenye huruma alimpa Hija birika la maji alishike, asije akapata wazo la kutia bega. Angependa zaidi wamtukane.

Aliyelisema wazi ni mama yake. Wanawake hawaendi makaburini, lakini habari ilimfika Bi Mize kabla ya wanaume kufika nyumbani. Alingoja mpaka eda yake ikaisha. Kisha asubuhi moja, akimenya muhogo, bila kuinua macho, akasema:

"Baba'ko ulimwangusha. Mie n'zito kuliko yeye. Usije ukan'angusha."

Akaendelea kumenya. Bi Mize alikuwa mwanamke mnene, mwenye ulimi, na hakuwa na tabia ya kurudia neno. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba jioni, na daktari wa serikali alikwisha sema kuwa ni moyo. Hija alikwenda kazini siku ile akashona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto.

Ramji alitoka Kathiawar, Bara Hindi, akiwa kijana, na huko, kabla ya kitambi na kabla ya karafuu, alikuwa mpiga mieleka. Stoo yake ilikuwa bado na marungu mawili makubwa ya mti, ya kuzungushia mabega, yaliyogeuka makazi ya mchwa. Hija alikuwa ameyaona miaka yote bila ya kuyauliza. Sasa aliuliza.

"Bwana Ramji, mtu hupataje nguvu?"

"Kwa kunyanyua kitu kizito," alisema Ramji, akipepeta karafuu kiganjani. "Halafu kupumzika. Halafu kunyanyua tena."

Marungu yalikuwa yameliwa, lakini yalikuwapo mawe ya mizani, yale ya chuma yenye vishikio, makubwa kwa madogo, yamepangwa ukutani. Ramji alikubali Hija ayatumie kabla ya duka kufunguliwa, akaweka sharti moja tu.

"Jiwe hulitupi. Unalishusha. Likianguka likamegeka, mizani yangu itasema uongo, na mwizi nitaitwa mimi."

Siku ya kwanza Hija alifanya walifanyalo wanagenzi wote: alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe kubwa kuliko yote. Aliinama kama mtu aliyeangusha sindano, mgongo umepinda, miguu imenyooka, akavuta. Jiwe halikutikisika. Kiuno chake ndicho kilichotikisika. Alilala chali juu ya magunia mpaka adhuhuri, na wateja wawili waliokuja kuchukua kanzu zao waliambiwa na Ramji kuwa fundi yupo, lakini hawezi kukaa.

"Haraka haraka haina baraka," Ramji alimwambia. Methali hiyo alijifunza hapa hapa Pemba, na alipenda sana kuwarudishia wenyewe. Akampa jiwe dogo, la kupimia pilipili manga. Hija aliona anadharauliwa. Akaonyeshwa kukunja magoti, si mgongo. Kuliweka jiwe karibu na mwili. Kuvuta pumzi kabla, si katikati. Wiki nzima alinyanyua kijiwe ambacho mama yake angekinyanyua kwa mkono ulioshika kawa la kufunikia chakula. Ndipo alipopewa kilichofuata.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini wanaosema hivyo huwa hawasemi kibaba kinachosha namna gani. Kilichomshangaza Hija si kupandisha. Kupandisha kulikuwa na mwisho; jiwe likifika kifuani mtu anajua amefika. Shida ilikuwa kushusha. Mikono ikishachoka inataka kuachia, na sakafu iko pale pale inaita. Akishusha taratibu, mapaja yaliwaka moto. Alimweleza Ramji kwamba kushusha ni kuzito kuliko kupandisha, akitaraji kuambiwa neno la busara. Ramji aliliinamia jiwe akaligeuza kutazama kama halikuchubuka.

Chakula kilileta mzozo. Ramji, ambaye hakula nyama maisha yake yote, alimwambia Hija ale dengu na maziwa. Bi Mize alipoambiwa hivyo aliweka mwiko chini. "Mtu ale dengu abebe mtu?" aliuliza. Akamwekea pweza. Hija alikula vyote viwili, kimoja barazani, kingine nyumbani, na mabega yake yakaanza kuijaza kanzu.

Siku za Ijumaa duka lilipofungwa alitumia jiwe la mwamba alilolitoa pwani, uani kwao, baada ya sala ya alfajiri. Hapo ndipo alipokosea, maana ua wao ulikuwa wa makuti na jirani yao Mmanga alikuwa na macho. Pemba, mtu anayeamka alfajiri akanyanyua jiwe, akaliweka pale pale alipolitoa, akalinyanyua tena huku midomo imefumba, hasemwi kuwa anajenga mwili. Husemwa mengine, na hayo mengine yalifika msikitini kabla ya sala ya Ijumaa. Watu wakaanza kupita njia ya nyuma. Mzee Silima, ndugu wa Bi Mize, akatumwa aulize.

"Jiwe lino lenda wapi?" aliuliza, amesimama mbali nalo.

"Haliendi popote, mjomba."

"Sasa wanyanyulia nini?"

"Nataka nguvu."

"Nguvu za nini? Weye mshona kanzu."

Kifo cha mtu aliye hai hakizungumzwi mlangoni kwake. Lakini Bi Mize alikuwa amesikia, na alitoka mwenyewe, akijikokota kwa miguu yake iliyovimba.

"Mwache, Silima. Ajifunza kunibeba."

Kisha akalikalia lile jiwe, akatengeneza leso yake vizuri. "Na jiwe lino langu. Nalikalia. Nenda kawaambie waliokutuma."

Mzee Silima alikwenda akawaambia. Minong'ono ilipungua, kwani ilionekana kwamba jiwe linalokaliwa na Bi Mize halina nafasi ya jini. Tangu hapo kila jioni alikaa juu yake kupunga upepo, na Hija alipotaka kufanya mazoezi ilimbidi kwanza aombe ruhusa. "Naondoka," mama yake alikuwa akisema, "lakini weye walishusha kwa kishindo. Nasikia nikiwa ndani." Naye akarekebisha. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na hakujua njia nyingine ya kumwambia.

Bi Mize alifariki asubuhi, baada ya mavuno ya vuli ya mwaka uliofuata, hali ametulia. Wakati huo Hija alikuwa ameshafika kwenye jiwe kubwa la Ramji, lile lililomvunja kiuno, na alikuwa akilipandisha na kulishusha bila kulitia alama.

Jeneza lilipotolewa, watu walimtazama. Mwenye huruma alikuja na birika lake. Hija akampita, akatia bega mbele kulia. Jeneza likainuka. Mama yake alikuwa mzito kama alivyoahidi, na bega lilikaa chini yake bila kuyumba. Alijua, kwa yakini aliyokuwa nayo juu ya sindano na uzi, kwamba angeweza kumbeba mpaka makaburini peke yake upande ule, kwa mteremko na kwa tope. Mmanga, jirani yao, akamgusa bega. Hija akatoka.

Baadhi walitazamana. Jiwe lote lile, miezi yote ile, na huyu kaachia kabla ya mwembe wa kwanza. Mzee Silima alimsogelea. "Umechoka?"

"Sikuchoka, mjomba."

Makaburini palikuwa na unyevu. Ilitandwa shuka juu ya kaburi, kama ifanywavyo kwa maiti wa kike, na wanaume watatu wa damu yake, maharimu wake, wakashuka chini yake: Hija, Mzee Silima, na Bakar mtoto wa Silima. Nje ya shuka watu walisoma. Ndani palikuwa na giza jepesi na harufu ya udongo na kafuri. Maiti akateremshwa mikononi mwao. Hapo mguu wa Mzee Silima ulikanyaga ukingo wa mwanandani, shimo la ndani la kulazia maiti, udongo ukameguka, mzee akashika ukuta kwa mikono miwili. Bakar alikuwa ameshika miguu tu. Mwili wote wa Bi Mize ukaja kwa Hija.

Alikuwa ameshakunja magoti. Mgongo ulikuwa umenyooka, mama yake amemweka karibu na kifua, pumzi ameivuta kabla. Akaanza kushusha. Mapaja yaliwaka moto ule anaoujua, mikono ilitaka kuachia, naye hakuiruhusu. Alimshusha taratibu, mpaka sanda ikagusa udongo wala pasisikike kitu, na ilikuwa nyeupe yote.

Nje walidhani kazi imekwenda kama kawaida. Mpaka leo wako wasemao kwamba Hija bin Khatib alinyanyua mawe mwaka mzima na siku ya mama yake akachoka njiani, na yeye hakuwahi kuwajibu.

Mzee Silima alikuwa ameona. Alingoja, maana Hija alibaki ameinama vile vile, mikono yake ingali chini ya mama yake, kama mtu aliyesahau kinachofuata. Watu wa juu walikuwa wanasubiri kuteremsha mbao za kumfunikia. Basi mzee akanyoosha mkono akamgusa bega, na Hija akamwachia.