Ubongo au Macho

Fundi wa kompyuta aliweka skrubu zote kwenye kisosi, kisosi akakisogeza mbali na viwiko vya watu, kisha akainama ndani ya kasha la mashine, tochi ameiuma mdomoni. Ilikuwa Jumamosi na jua bado liko juu. Meza ya chakula ilikuwa imetandikwa gazeti kuukuu. Upande mmoja alisimama msusi, mikono kifuani. Upande wa pili alisimama mdogo wake, mwembamba kama ufito, ambaye mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu kwenye michezo ya magari hakujua kazi ya breki. Mama yao alikuwa kwenye kochi anachambua mchele, amejifanya hasikilizi.

"Sikieni," fundi alisema, akiitoa tochi mdomoni. "Mchezo ukigandaganda, shida ni prosesa. Huo ndio ubongo. Picha ikiwa na ukungu, shida ni kadi ya picha. Hayo ndiyo macho. Sasa hii yenu inaumwa kotekote."

"Weka vyote," Breki alisema.

"Nikiweka vyote, pawa saplai inayogawa umeme itaungua, mle chakula cha jioni kwa kupapasa. Ninavyo vyote kwenye begi, lakini mashine inabeba kimoja. Ubongo au macho?"

Mama aliokota kijiwe kwenye mchele, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Kasha lile marehemu baba yao alilichomelea mwenyewe kwa mabaki ya vyuma vya karakana alikofanya kazi, Breki alipofaulu mtihani. Lilikuwa zito hivi kwamba wezi waliwahi kuingia, wakalisukuma mpaka mlangoni, wakakata tamaa na kuondoka na pasi. Baba alipozikwa, hazikupita siku nyingi akaanza kuonekana ndani ya mchezo wa magari. Alisimama kwenye kona baada ya daraja, amevaa ovaroli yake, nyuma yake ngazi ndefu imeegemea hewa. Siku hiyo Breki alipunguza mwendo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tangu hapo kila jioni aliliegesha gari pale konani, wapinzani wakimpita vuu, na mama akasogeza kiti amsimulie mumewe habari za mchana: maji yamekatika, jirani sufuria bado hajarudisha. Baba alisikiliza. Hakusogea hata unyayo.

Kilichowasumbua ni kwamba uso wake ulikuwa ukungu mtupu, kama mtu aliyesimama nyuma ya kioo cha bafu. Na kila alipofungua mdomo alisema, "Wa," kisha mchezo ukaganda.

Breki alikuwa na hakika kwamba neno lenyewe ni "wahi". Ndilo neno baba alilowaamshia kila asubuhi, huku anagonga mlango kwa kiganja. Mama alisema ni "watoto". Msusi moyoni alidhani ni "waongo", kwa sababu msimamizi wa karakana alikuja msibani, akainamisha kichwa vizuri kabisa, akasema inasikitisha, lakini marehemu alipanda ngazi akiwa amelewa, akaanguka, hivyo fidia haipo. Marehemu huyo hakuwahi kugusa pombe; soda tu ilimfanya aimbe.

Na sasa msimamizi huyohuyo alikuwa ametuma salamu: nafasi ya mzee bado ipo, kijana aje Jumatatu. Ndiyo sababu fundi aliitwa Jumamosi, wajue kabla baba anasema nini.

"Ubongo," Breki alisema. "Mzee amalize neno lake. Mtu ana neno limemkwama kooni mpaka ahera, dada, wewe unataka kuhesabu ndevu zake?"

"Wewe neno umeshalimaliza mwenyewe. Akikohoa tu utavaa buti."

"Na wewe ukiona kivuli tu utasema ni msimamizi."

"Nitaangalia kwanza, ndipo niseme. Maneno tumeshapewa mengi, pale msibani, na yote yalikuwa yamenyooka."

"Mama, mwambie huyu mwanao."

"Nyote wanangu," mama alisema. Aliweka ungo chini. "Mimi nina hamu ya kumwona baba yenu. Sauti yake ninayo."

Fundi akachukua macho.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Kadi iliingia mahali pake kwa mlio mdogo kama wa kidole kinachoalishwa, skrubu zikarudi, feni zikaanza kunguruma. Fundi alibaki kuhakikisha. Breki alishika usukani, akapita daraja taratibu kama anayeendesha gari la harusi, akaegesha.

Baba alikuwa wazi mpaka kwenye kope. Vishimo vya cheche vilionekana kifuani mwa ovaroli, pamoja na kifungo ambacho mama aliwahi kukishonea uzi wa rangi isiyokuwa yake.

"Huko wanamnyoa vibaya," mama alisema, akajifuta macho kwa ukingo wa kanga.

Msusi hakumtazama baba. Aliitazama ngazi. Kipandio kimoja, juu kidogo ya urefu wa mtu, hakikuwa kimechomelewa. Kilikuwa kimefungwa kwa waya mwembamba, waya umelegea, ncha yake inametameta. Baba aliinua mkono akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega lake. Akafungua mdomo. "Wa," alisema, na mchezo ukaganda.

"Waya," msusi alisema.

"Waya," fundi naye alisema, akaanza kukusanya bisibisi zake bila kumtazama mtu.

Breki aliachia usukani. Skrini ikajizima yenyewe.

"Usiende," mama alimwambia.

"Nisiende wapi, mama? Kuna pengine waliponiita?" Hakusema kwa ukali. "Karakana ina wachomeleaji kila pembe. Nitawaonyesha hicho kipandio, watakichomelea, basi."

Jumatatu akaenda. Msusi alifungua kibanda chake akaanza kusuka, na kila pikipiki iliyosimama nje mikono yake ilisimama nayo. Mteja alivumilia, kisha akasema, "Dada, unavuta. Hicho kichwa si cha kuazima." Msusi akaomba radhi, akalegeza, akavuta tena.

Jioni Breki alirudi kwa miguu yake, mikono myeusi, kola imeungua kidogo. Msusi alikuwa mlangoni.

"Ngazi?"

"Ileile."

"Umemwonyesha msimamizi?"

"Nimemwonyesha. Ameangalia, akaniambia asante, vijana waangalifu kama mimi siku hizi ni adimu." Breki alivua buti, akaziweka sambamba karibu na mlango, kama baba alivyokuwa akifanya. "Akaagiza paongezwe waya mwingine."

"Na kuchomelea je?"

"Wachomeleaji wote wana kazi za wateja." Alisita. "Tena akaniambia, mbele ya watu, nisije nikapanda nimekunywa."

Msusi akaingia ndani kupakua chakula.

Walikula. Baada ya kula Breki aliwasha mashine, akapita daraja, akaegesha. Mama akasogeza kiti, akaanza na habari ya sufuria, akanyamaza.

"Mbona baba yenu amesogea?"

Alikuwa amesogea hatua moja kushoto, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Picha ilikuwa safi. Mahali alipopaacha palionekana mpaka changarawe.

"Ni kadi mpya," Breki alisema. "Zinachukua muda kuzoea."

Msusi alipapima kwa jicho, kama anavyopima kichwa cha mteja kabla ya kukata uzi. Palimtosha mtu mwembamba.

"Baba watoto," mama alisema, kwa sauti ya kumsihi mtu aliyekalia kiti cha mgeni, "rudi pale ulipokuwa. Hapo hapana mtu wa kuja."

Baba alimtazama mkewe. Alimtazama Breki, akazitazama na buti kule mlangoni. Akafungua mdomo.

"Wa," alisema, na mchezo ukaganda.