Jangwani Hakuna Haraka

...na kile kisiwa kidogo cha kwenye mchezo wa simu nacho kina raha gani, hebu mtu amweleze Fundi, unaruka na parashuti, hujakanyaga chini sawasawa, hujaokota hata bastola, watu hamsini wameshuka palepale bandarini ulipolenga wewe, umekufa, umerudi mwanzo, na vijana wanakisifu eti kimechangamka, haya, ramani ya theluji ni nzuri kwa macho, hilo Fundi anakubali, ila kila ukitembea unaacha nyayo na adui anakufuata kwa starehe zake mpaka mlangoni, na ile ya msituni mvua haikatiki, humsikii anayekunyatia wala humsikii mwenzako... ya jangwani ndiyo ramani, kubwa, kavu, inachosha, kila mtu anaitukana, na yeye huiombea kimoyomoyo itokee, maana ramani ni bahati, mchezo wenyewe ndio unaogawa, ndivyo anavyojua, basi amekaa kwenye kochi na simu mbili, yake mkono wa kulia na ya binti mkono wa kushoto, zote zimeandika Inatafuta wachezaji, na binti amemwachia kwa kusema, "Nishikie, Fundi, usiguse kitu," kisha akaenda jikoni alikoitwa na mama yake mdogo, na Fundi anajua ameitiwa nini. Mama mdogo hakufunga safari kwa ajili ya chai. Ametandikiwa kitanda, amepewa taulo jipya, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu amekuja kumchukua mtoto wa marehemu dada yake, na haki anayo, damu ni damu, Fundi ni nani, mume wa mama, mtu wa kutengeneza mafriji, aliyemkuta mtoto ameshatembea na meno yameshaota... wanasema nini huko, anatega sikio, anasikia "shule nzuri," anasikia "chumba chako mwenyewe," halafu friji inaanza kuunguruma na kumeza maneno yote, na nani aliyeifufua friji hiyo iliyokuwa imeshatupwa jalalani, si yeye mwenyewe, haya, sasa avune alichopanda. Amejiandalia maneno tangu asubuhi, mwache amalize mwaka, shemeji, mwache azoee kwanza, nami nitazoea... hapana, hilo la mwisho asiliseme, mtu mzima hamfanyi mtoto kuwa fimbo ya kutembelea.

Baada ya msiba walikuwa wanakula kama watu wawili wasiojuana kwenye kituo cha basi, chumvi, hii hapa, asante, basi, kimya mpaka vyombo vioshwe, hadi siku ile binti alipokosa mwenzi wa kucheza naye akachukua simu ya Fundi bila kuomba na kumwekea mchezo, akamwambia mchezo huu ni wa wawili wawili, wewe kazi yako usife tu, naye akawa anakufa, anakufa akiwa amesimama, anakufa akitafuta mlango, vidole gumba vimesuguliwa na mabomba ya shaba miaka na miaka hata kioo cha simu hakivitambui, binti akamletea mafuta ya marehemu, yale ya kopo la bluu, akasema paka, na Fundi akapaka, chumba kikanukia mtu ambaye hayupo... ndipo jangwa lilipotokea. Unashushwa pembeni kabisa na uwanja wa vita uko mbali, gari hakuna, adui hakuna, mnatembea tu, jabali, kibanda, jabali, na katikati ya kutembea huko binti, macho kwenye simu, akasema mama alikuwa akiimba vibaya, ee, na Fundi akasema vibaya sana, wakacheka kwa mara ya kwanza, halafu siku nyingine, jabali, kibanda, akasema siku ile ya mwisho hospitali yeye alitoka kununua maji, alikuta foleni, angejua asingekaa foleni, na Fundi akasema njoo upande huu, kuna kivuli, na mtoto akaja upande ule, wakakaa kivulini wawili hao wa kuchorwa mpaka wakapigwa risasi wote. Mungu ambariki aliyechora nchi ile tupu, yuko ofisini mahali fulani, pengine mkubwa wake alimgombeza, mbona umeacha nafasi kubwa hivi haina kitu, naye hajui ndani ya nafasi ile watu wamezika mtu wao vizuri. Na binti kila ikitokea huguna, aa, jangwa tena, Fundi tuna mkosi sisi, naye hujibu pole, ndiyo bahati yetu, huku moyoni anashukuru kama mnafiki...

Friji imezima. Sauti ya mama mdogo inakuja nzima, taratibu, bila ubaya wowote, "Nakuuliza wewe, mwanangu, si yeye. Unataka kukaa wapi?" na Fundi anashtuka, gumba la kushoto linateleza, kioo ambacho siku zote hakilitambui leo kimelitambua, kitu kimefunguka, ameambiwa asiguse na amegusa, ramani nne zimejipanga na picha zao, kila moja na kisanduku chake, kisiwa kitupu, theluji kitupu, msitu kitupu, jangwa lina tiki, na chini yake maandishi madogo, kiongozi wa kikosi ndiye anayechagua ramani... kiongozi wa kikosi ni nani, ni binti, tangu siku ya kwanza ni binti, kwa hiyo haikuwa bahati, kwa hiyo yale maguno yote, aa, jangwa tena, mwongo mkubwa yule, mtoto wa mama yake kabisa, alikuwa anamleta huku kila siku kwa mkono wake mwenyewe na kulalamika njiani. Friji inaanza tena. Jibu limemezwa, na Fundi hajainuka, hajatega sikio, yale maneno aliyojiandalia anayatafuta hayaoni, wala hayahitaji, mtoto abaki, Fundi ashukuru, aende, ashukuru vilevile, tiki inawekwa popote penye simu, na kutembea anajua sasa... anafunga ukurasa polepole, anarudisha kila kitu kama kilivyoachwa, asije akajua. Jikoni bado wanaongea. Simu zote mbili bado zinatafuta wachezaji, naye anajifuta macho kwa mkono wa shati, maana vidole vina mafuta.