Nermin Amesimama Mlangoni

Watu wa televisheni hawana haya. Wewe mgeni akifika kwako ukamwacha amesimama nje, mtaa mzima utakusema mpaka uhame. Lakini wao walimwacha Nermin na mtoto wake mchanga mbele ya mlango wa baba yake, Julai nzima, Agosti nzima, Septemba nzima, na hakuna hata mmoja aliyeitwa akaulizwa.

Nermin alikuwa binti wa mfua shaba katika tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kifaransa, ikionyeshwa kila siku saa kumi na moja jioni. Aliolewa na mtu ambaye baba yake hakumtaka, mlango ukafungwa nyuma yake, na baada ya sehemu mia moja na kumi na nane akarudi na mtoto mgongoni. Akabisha. Mzee ndani akaacha nyundo yake, akaja polepole, akaweka mkono kwenye komeo. Hapohapo picha ikaganda, muziki ukapanda, maandishi yakatokea kwenye kioo.

Katika nyumba ya Mama Rabia, Rabia likiwa jina lake mwenyewe, mtaani Katuba, Lubumbashi, maandishi ya Kifaransa yalikuwa kazi ya Djamila. Mama yake alisoma chuo cha Kurani tu, juzuu kwa juzuu, na Kifaransa chake kilikuwa cha kupunguziana bei. Alikaa mbele ya televisheni akidarizi kofia, sindano ikienda yenyewe, na binti yake akimtafsiria neno kwa neno. Siku hiyo sindano ilisimama. Akauliza wanasema nini.

"Saison inaisha, mama," Djamila alijibu.

Alimaanisha msimu wa tamthilia. Lakini Lubumbashi saison ni mbili tu tangu Mungu aumbe dunia, ya vumbi na ya mvua. Mama Rabia alitazama nje, akaona vumbi jekundu lilivyoketi juu ya majani ya mhogo, akatikisa kichwa kama aliyepewa sababu ya maana. Kumbe ni hivyo. Watarudi mvua ikianza. Djamila alicheka kimoyomoyo akaona hakuna haja ya kumsahihisha. Laiti angesahihisha.

Maana nyumba hiyo nayo ilikuwa na Nermin wake. Miaka kumi na mmoja nyuma, binti mkubwa, Ramla, aliandikisha ndoa kwenye ofisi ya serikali ya komini na Kangwa, Mkristo wa Sakania, mfanyabiashara mdogo wa mpakani. Hapakuwa na shehe, hapakuwa na nikaha, mjomba hakuulizwa. Watu wa Maniema, Waislamu kama yeye, hawakutembea na dini yao kutoka Kasongo hadi huku ili ikaishie kwenye meza ya karani. Mama Rabia alisimama kizingitini mbele ya majirani, akaapa kwa jina la Mungu kwamba mlango ule Ramla hatauingia maadamu yeye yu hai. Tangu siku hiyo hakukubali tena kuitwa Mama Ramla, jina alilolibeba tangu uzazi wa kwanza. Mtaa ukajifunza upya kumwita Mama Djamila. Aliyesahau hakuitikiwa, hata kama alikuja kununua kofia tano.

Mara mbili Djamila alimwambia dada yake aje mama akiwa msikitini. Mara mbili Ramla alikataa. Alisema hakuzaliwa katika nyumba ile ili aje kuiingia kama mwizi. Mwenye kusema karibu ni mama.

Mwezi wa Agosti Ramla alipiga simu. Kangwa alikuwa amepata kazi Ndola, ng'ambo ya mpaka, Zambia, na mwisho wa mwaka wangevuka wote na watoto watatu ambao bibi yao hakuwahi kuwaona. Ramla hakutaka kuvuka bila radhi ya mama. Atabisha hodi nyumbani pale mara moja, alisema, na akikataliwa hatarudia tena mpaka kufa. Djamila alimjua dada yake. Alikuwa na kichwa kigumu, na kila mtu alijua alikirithi wapi.

Mama Rabia alipoelezwa aliendelea kudarizi siku tatu. Siku ya nne, bila kuinua macho kwenye kofia, akatoa neno.

"Umwambie jibu ntamupa mvula ikianza. Ntaona kwanza ule muzee atafanya nini."

Djamila alipeleka nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilimshinda. Ungemwambiaje mtu kwamba radhi ya mama yake inasubiri mfua shaba wa Uturuki? Na Ramla, aliyekaa miaka kumi na mmoja akitega sikio, alisikia alichotaka kusikia. Alisikia kwamba mvua ikianza aje.

Djamila alifanya kazi katika sekretaria moja mjini, chumba chenye kompyuta mbili na mashine ya kutoa nakala, ambako watu huja kuandikiwa barua na maombi ya kazi. Katikati ya Oktoba, akisubiri mteja amalizie kutaja majina ya babu zake, aliona atafute Nermin anarudi tarehe gani. Alipata habari kwa mistari minne. Tamthilia imesimamishwa. Kwao huko watazamaji walipungua, mwigizaji wa baba amekwenda kuigiza kwingine, na sehemu nyingine haitatengenezwa.

Chini yake watu walikuwa wamelia kwa mamia. Mmoja wa Dakar alidai arudishiwe jioni zake mia moja na kumi na nane. Mama mmoja wa Abidjan aliandika kwamba tangu siku ile hafungi mlango wake mpaka walale, labda mzee yule ataona aibu. Mwingine aliuliza kama wenye kazi hiyo wana mama. Djamila naye aliandika: "Na sisi huku tufanye nini?" Hakuna aliyemjibu. Mteja alipomwita alifunga ukurasa akarudi kwenye barua.

Tangu hapo hakula vizuri. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alitoka kutazama mbingu. Mawingu yakikusanyika upande wa Kipushi alisimama akiyalinda mpaka akachelewa kazini. Yakitawanyika alimshukuru Mungu, kisha akatubu, maana ni dhambi kumwomba Mungu azuie mvua wakati watu wanangojea kupanda mahindi.

Akaanza kutunga. Kwenye basi, kwenye foleni ya maji, alimtengenezea Nermin mwisho. Mzee anafungua, anamtazama mtoto, machozi yanamshuka ndevuni. Haikuwa kazi mpya kwake kama anavyotaka tuamini. Miezi yote ile alikuwa amelainisha maneno ya yule mzee. Mzee aliposema kwa Kifaransa chake kwamba binti huyu kwangu amekufa, Djamila alitafsiri kwamba amenikosea sana. Mama alikuwa akimwona mzee mwema zaidi kidogo kuliko alivyo. Kilichobaki ni hatua moja. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na jirani yao, Mama Ntumba, alifua nguo za wenye majumba ya mtaa wa Golf miaka ishirini na Kifaransa alikijua. Akiropoka neno moja, mlango ule utafungwa kwa kufuli ya pili.

Alhamisi moja mwanzoni mwa Novemba ujumbe ukaingia kwenye simu. Mvua imenyesha Sakania, Ramla aliandika. Jumamosi tunafika.

Djamila alipiga, simu haikupita. Alipiga kutwa na kesho yake, sauti ileile ya mwanamke ikimwambia ajaribu baadaye. Aliandika: ngoja kwanza. Ujumbe haukufika.

Jumamosi Mama Ntumba alikwenda matangani, na huo ndio ulikuwa unafuu pekee. Saa kumi upepo uliinuka, mabati ya mtaa mzima yakapiga kelele, kisha mvua ya kwanza ikashuka kwa nguvu, na ile harufu ya udongo ikajaa nyumba. Watoto nje walipiga vigelegele. Mama Rabia alifurahi kama bibi harusi. Alifuta kioo cha televisheni kwa kitenge, akavuta kiti chake, akachukua kofia, akamwita binti yake akae. Umeme ulikuwapo. Djamila aliomba ukatike. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya Katuba haukukatika.

Saa kumi na moja muziki mwingine ulilia. Wakatokea watu wasiojulikana, kijana juu ya farasi na msichana akilia kwenye shamba la kahawa. Mama Rabia aliwavumilia kidogo, kisha akauliza hawa ni nani, na Nermin yuko wapi.

Djamila alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba tamthilia ya Nermin ilishapita wiki hii, mchana, na yeye aliiona kazini. Alisahau kumwambia.

Mama aliweka kofia magotini. "Ule muzee alifungula?"

"Alifungula, mama."

"Sema wallahi."

Uongo wa kutafsiri ni kitu kimoja, wallahi ni kitu kingine. Djamila aliinama akaanza kuokota nyuzi sakafuni. Ndipo, juu ya kelele ya mvua, sauti ikaja kutoka nje.

"Hodi."

Wote wawili waliijua. Djamila aliinuka nusu. Mama yake, bila kugeuka, akamwambia akae, naye akakaa. Alijua kinachofuata, maana yeye na Ramla walifundishwa na mwanamke huyuhuyu: hodi ni tatu. Ukibisha mara tatu usijibiwe, geuka uende zako, wala usinung'unike. Na Ramla alilelewa vizuri.

"Minakuuliza," mama alisema polepole. "Alifungula ao hakufungula?"

"Hakuna mwisho, mama." Djamila alijibu. "Balisimamisha. Habatacheza tena. Hakuna muntu anajua kama alifungula."

Mama Rabia aligeuka kumtazama. Djamila alitarajia hasira imwangukie yeye, na aliistahili, lakini hasira ilipita juu ya kichwa chake ikaenda mbali sana.

"Ni bantu gani bale?" mama aliuliza. "Banaacha mutoto wa muntu ku mulango, na kitoto mu mugongo, benyewe banaenda kulala?"

"Hodi," sauti ya nje ilisema mara ya pili.

Kijana wa farasi aliendelea kuongea Kifaransa na hakuna aliyemtafsiri. Mama Rabia alikuwa ameshika mikono ya kiti. Djamila alimwona amekuwa mdogo ghafla, mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye nyuzi za rangi zilizonasa kwenye kitenge, na akaogopa kuliko alivyoogopa wiki zote zile. Mama aliposema tena, alisema kama anayeungama.

"Nilikuwa nataka ule muzee aanze. Niliapa mbele ya bantu, unajua. Nikasema, akifungula yeye, mwanaume, na ndevu zake zote, hata miye nitaweza. Nitamufuata nyuma. Sasa nitafuata nani?"

Djamila alikuwa ametunga machozi ya mzee, ametunga mpaka rangi ya shuka la mtoto, lakini swali hilo hakulitunga. Alimshika mama mkono, na mkono ulikuwa baridi.

"Hodi."

Ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini kuliko mbili za kwanza, sauti ya mtu anayemaliza tu hesabu. Mvua ilijaza mahali pake. Djamila alimtazama mama yake mdomoni. Midomo ilifunguka, ikasogea, akaona wazi neno likitengenezwa pale, silabi kwa silabi, lakini pumzi haikulisukuma. Nje ndara ziligeuka kwenye tope. Mtoto mdogo alikohoa. Mwanaume alisema kitu kwa Kibemba, taratibu, kama anayempoza mtu.

"Yaya Ramla anaenda," Djamila alisema, akilia sasa bila kujificha.

Mama Rabia alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. "Ntafunga siku tatu," aliuambia ukuta, au Mungu. Ndiyo kafara ya kuvunja kiapo kwa asiye na uwezo wa kulisha maskini kumi, na ilionyesha alikuwa ameifikiria siku nyingi. Alivuta mlango akatoka bila ndara, bila ushungi mzuri, kwenye mvua iliyokuwa ikipiga uso, akapita madimbwi ya tope mpaka kwenye lango la uzio.

Walikuwa wamefika kwenye kona, Kangwa mbele na begi kichwani na watoto wawili mkononi, Ramla nyuma na wa tatu mgongoni amefunikwa plastiki. Majirani walikuwa wamejaa kwenye vibaraza kutazama mvua ya kwanza, walewale waliosikia kiapo. Mama Rabia hakuwajali, au aliwajali ndiyo maana akainua kidevu.

"Ramla," aliita. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Ramla aligeuka, maji yakimtiririka usoni, hakusogea.

"Nilisha kusema karibu mara tatu," mama yake alimwambia kwa ukali. "Masikio yako iko wapi? Leta ule mutoto, analoa."