Vidole Saba

Kila asubuhi, kabla ya kugonga herufi hata moja, Mideva aliifunua mashine ya taipu, akachomoa pini aliyoificha ndani ya kola ya blauzi yake, akaanza kuzichokonoa herufi zilizojaa uchafu wa utepe. Alianza na "a", akaenda "e", kisha "o". Kazi hiyo ilimchukua dakika kumi, na ndizo dakika alizozipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu aliyemsemesha.

Alikuwa bado kwenye "e" mlango uliposukumwa bila hodi.

"Wewe msichana. Bwana D.O. yuko wapi?"

Alikuwa Chifu, chifu wa lokesheni ya kwao, mwenye kofia ya kaki na fimbo fupi aliyozoea kujipigapiga nayo pajani. Nyuma yake alisimama askari Kibiwott, mrefu, amechoka kabla siku haijaanza.

"Ameenda Mautuma, Bwana Chifu," Mideva alisema, macho kwenye pini. "Atarudi kesho."

"Hata vizuri. Weka karatasi. Kopi tatu."

Mideva alipanga karatasi na kaboni. Chifu hakumjua. Mideva aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na miwili kwenda bweni la misheni, kisha chuo cha makarani, na sasa alikuwa mgongo mmoja tu uliokaa mbele ya mashine. Jambo hilo halikuwahi kumuuma. Leo lilimfaa.

"Andika," Chifu akasema. "Kwa Bibi Roda, mjane. Koma. Umetakiwa kufika mbele yangu leo, saa nane mchana, katika ofisi ya D.O..."

Vidole vya Mideva viligonga R, vikagonga o. Halafu vikasimama.

"Nini? Mashine imekufa?"

"Imeshika kidogo, Bwana Chifu."

"Iachilie. ...kuhusu picha ya kuchochea wananchi, iliyochorwa kwenye ukuta wa Phineas fundi wa mabango. Nukta. Uje na kadi yako ya mahindi, kwa maana itarudishwa serikalini. Nukta. Umeandika 'itarudishwa'?"

"Nimeandika."

Kibiwott alijikuna shingo. "Afande Chifu, lakini huko kwa ukuta watu hawaandikangi jina. Umejua aje ni huyo mama?"

Chifu akacheka, akakaa kwenye kona ya meza ya Mideva kana kwamba hakuna mtu nyuma yake. "Mwaka jana nilimwozesha kijana wangu. Nani alisiriba nyumba ya arusi? Roda. Kila siku nikiamkanga, kazi ya mkono wake iko mbele ya macho yangu. Jana nimepita kwa huyo fundi, nikaona pembeni ya picha mistari ileile. Ukiacha gumba, mkono wa kulia vidole vinne, wa kushoto vitatu. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikatwa na mnyororo wa plau, zamani. Kwa lokesheni yangu yote, nani mwingine anasiriba na vidole saba?"

Aliitia sahihi barua, akampa Kibiwott aipeleke kwa baiskeli. Walipotoka, Mideva alishusha mikono chini ya meza, akaitazama. Vidole kumi, vizima vyote. Alitandaza vinne vya kulia, kisha vya kushoto. Kile cha mwisho cha kushoto kikajikunja chenyewe.

Alikuwa na miaka minne alipoanza kumfuata mama yake kwenye kuta za watu. Mama alichota udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akaulainisha kwa kiganja, na kabla haujakauka akapitisha vidole kwa kuzungusha, kulia halafu kushoto, mawimbi yakipishana kama mkeka. Mideva alimwiga. Alidhani kidole kile hukunjwa, kwamba ndivyo kazi ilivyo. Mama hakumsahihisha. Labda alipenda kuiona mikono yake katika mikono midogo.

Na Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, mbele ya ukuta wa Phineas, hakukumbuka kukinyoosha.

Saa sita ilipolia alikimbia hadi kwa Phineas, viatu mkononi.

Karakana ya Phineas ilikuwa nyuma ya soko, na ubavuni mwake ulisimama ukuta wa fito na udongo, mrefu kama hatua thelathini, alioujenga yeye na Zainabu, mama wa Mumias aliyekuwa akisuka mikeka ya rangi na ambaye Mideva alipanga chumba kwake. Hawakuujenga kwa ajili ya nyumba. Walijenga ukuta tu. Watu waliwacheka. Kisha Phineas akachora njia nyekundu iliyotoka upande mmoja, ikapinda, ikakatika katikati, na juu yake akabandika tangazo:

*Sisi tumeanza. Endelea wewe. Njia hii inafika wapi? Leta udongo, majivu, makaa, majani, chochote. Usiandike jina. Kuongeza ni ruhusa, kufuta kazi ya mwenzako hapana.*

Kwa wiki mbili njia iliendelea. Mtu alichora shule. Mwingine baiskeli yenye magurudumu matatu, na chini yake mwingine akaongeza mtu wa kuisukuma. Wauza ndizi walichora ndizi. Kulikuwa na bendera mpya, kubwa mno, yenye rangi zilizochuruzika mvua chache ziliponyesha. Mvua zenyewe zilikuwa chache kweli mwaka ule. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti, na serikali ikaleta ya njano kutoka ng'ambo, ya kugawiwa kwa kadi. Lori lilishusha magunia kwenye stoo ya Chifu. Kina mama walipanga foleni, wakaambiwa kesho. Kesho yake wakaambiwa kesho. Wakati huohuo, katika maduka mawili ya soko, mahindi ya njano yaliuzwa kwa mkebe, na kila Jumamosi bei ilikuwa nyingine.

Mideva aliyasikia hayo kwa mama yake, ambaye hakuyasema kwa hasira. Alisema tu, "Watoto wamezoea uji wa asubuhi mpaka jioni." Na Mideva, ambaye hajawahi kuinua sauti hata kanisani, alichora mwishoni mwa njia nyekundu nyumba isiyo na dirisha, mlango wake una kufuli kubwa kama kichwa cha mtu. Mbele yake wanawake watano, na vikapu. Kisha akazungushia ukingo wa udongo kwa vidole, asafishe kazi, mikono ikienda yenyewe.

"Karani!" Phineas aliita, brashi mdomoni. "Serikali nayo imekuja kuchora?"

Zainabu aliinuka kutoka kwenye milala yake. "Salaam aleikum, mwanangu. Mbona hivyo? Nani amekufa?"

Mideva alijaribu kusema yote kwa mara moja, yakatoka vipande. Barua. Picha yangu. Mama. Saa nane. Kadi.

"Lakini wewe ndiye uliyechora?" Phineas alitoa brashi mdomoni. "Wewe? Haki ya Mungu nilidhani ni mzee fulani wa Butali, ana hasira na kila kitu."

"Usimcheke," Zainabu akasema.

"Simcheki. Sikia, dada, nitasema ni mimi. Ukuta ni wangu, rangi ni yangu. Wanifunge mimi, nimezoea njaa."

"Ataangalia ukingo," Mideva alisema. "Atakwambia uchore mbele yake."

Phineas alichovya vidole kwenye karai la udongo, akavipitisha ukutani kwa kujiamini. Vilikuwa vigumu kwa miaka ya rangi na mafuta ya taa. Wote watatu wakatazama matokeo.

"Hiyo ni ingokho imeparua, kuku kabisa," Zainabu akasema.

Mideva alicheka, kisha akagundua kwamba analia. "Mama Zainabu, niache nifute. Ukingo tu. Nisiribe juu yake, nichore mwingine. Akija kutazama asione kitu."

Zainabu alimtazama Phineas, na Phineas akatazama tangazo lake.

"Sheria tuliiweka sisi," Zainabu akasema polepole. "Mama ni wako. Karai hilo hapo. Mimi nitageuka, sitaona."

Aligeuka kweli, na Phineas naye akajifanya anatafuta kopo. Mideva alichota udongo mkono mzima, akaenda hadi mwisho wa njia nyekundu.

Wanawake hawakuwa watano tena.

Mtu alikuwa ameongeza mmoja kwa makaa, amebeba mtoto mgongoni. Mwingine kwa majani ya kijani, ametoka mwembamba kama kijiti. Mwingine alichorwa na mtu asiyejua kuchora kabisa, duara na fimbo mbili, lakini kikapu chake kilisukwa kwa uangalifu. Alihesabu hadi ishirini na tatu. Foleni ilikuwa imeupita ukingo wake, imevuka bendera, inaelekea kwenye kona ya ukuta, na mwanamke wa mwisho alikuwa bado mbichi.

Udongo ulimdondoka kati ya vidole. Kama angesiriba ukingo, angemfunika yule wa kijiti na yule wa mtoto. Alisimama hapo. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyewasha jiko, na sasa nyumba ya jirani imeshika moto. Aliusukuma udongo ule pembeni, penye nafasi, akanawa, akarudi ofisini akikimbia. Mwingine ulibaki chini ya kucha.

Saa nane kasoro dakika tano mama yake aliingia.

Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, vumbi la njia ya Lurambi limefika kwenye magoti. Kadi ya mahindi alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso. Alimwona Mideva. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Habari ya kazi, karani," akasema, kama mgeni.

Hapo Mideva aliogopa kuliko asubuhi. Alielewa kwamba mama yake amepitia kwa Phineas, ameuona ukuta, ameujua mkono, na amekwisha kuamua.

Chifu alikalia kiti cha Bwana D.O. "Roda. Picha umeiona?"

"Nimeiona."

"Ni yako?"

"Ni yangu."

Kibiwott alishusha pumzi, kama mtu aliyetumaini safari ya baiskeli iwe ya bure.

"Ulichora nini pale?"

"Maua, Bwana Chifu."

"Maua yenye kufuli?" Chifu alicheka, akamtazama Kibiwott acheke naye. "Ulimaanisha nini? Kwamba mimi ni mwizi?"

"Sikumaanisha kitu. Mimi ni mtu wa udongo tu. Mkono unaendanga, mimi nafuata."

"Ehe. Msichana, andika hivyo. 'Mimi Roda nakubali kwamba nilichora. Sikumaanisha kitu. Nimekosa. Naomba msamaha. Kadi nimerudisha kwa hiari yangu.' Kesho utaenda kusiriba ukuta wote, uwe mweupe. Na yule fundi, nitamwona kivyake."

Roda alifungua pindo la leso kwa meno, akaweka kadi mezani. Ilikuwa imekunjwa mara nne, laini kama kitambaa. Kadi ile ilikuwa ya watoto watatu nyumbani, wadogo zake Mideva.

Mideva aligonga. *Mimi Roda nakubali.* Alifikiri juu ya mshahara wake, ambao ulimweka ndugu yake shuleni. Kama angenyamaza, kazi ingebaki na kadi ingekwenda. Kama angesema, huenda vyote viwili vingekwenda, na yeye pamoja navyo. Alipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa kunyamaza. *Kwamba nilichora. Sikumaanisha*

"Lete kidole," Chifu akasema, akifungua kidau cha wino. Aliushika mkono wa kushoto wa Roda, akauinua, akauonyesha kwa Kibiwott kama mtu anayeonyesha jino bovu la ng'ombe mnadani. "Umeona? Nilikuambia. Vitatu."

Roda alitazama dirishani.

"Si yeye," Mideva akasema.

Sauti ilikuwa ndogo mno hata Kibiwott akageuka kutazama mlangoni. "Nani amesema?"

"Mimi." Alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, akaogopa kukiokota. "Si yeye, Bwana Chifu. Ni mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mideva, keti," mama yake akasema. Ilikuwa sauti ya nyumbani sasa, yenye kusihi. "Keti, mwanangu. Andika."

Chifu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Binti yako? Lakini huyu ana vidole vyote."

Mideva aliinua mikono yake. Udongo mwekundu ulikuwa bado chini ya kucha. Akatandaza vidole vya kulia, vinne. Akatandaza vya kushoto, na kile cha mwisho kikajikunja, mbele ya wote, bila kuambiwa.

"Nilijifunza kwake," akasema. "Nilidhani ndivyo inavyofanywa."

Chifu aliuachilia mkono wa Roda.

"Haya," akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko fimbo. "Wewe umesoma. Umekula ugali wa serikali hapa. Basi tuambie. Ulimaanisha nini?"

Mideva alitazama karatasi kwenye mashine, mahali neno lilipokatika. Meno yake yaligongana. Alingoja yatulie, hayakutulia, akasema hivyohivyo.

"Nilimaanisha stoo imejaa. Nilimaanisha kina mama wana kadi, na ufunguo uko mfukoni mwako, na mahindi ya mama yangu yanauzwa sokoni kwa mkebe. Hivyo ndivyo nilivyomaanisha, Bwana Chifu. Na wale wengine wote waliochora baada yangu, sijui majina yao, lakini nadhani nao walimaanisha hivyo."