Marehemu wa Kiboriloni

Makofi yalipoanza, Nikodemo hakuwa na pumzi ya kuzima hata kibatari. Alisimama katikati ya banda la soko la Kiboriloni, mikono miwili shingoni, macho yamemtoka kama ya mbuzi aliyeona kisu, na watu wote ambao wangeweza kumwokoa walikuwa wanamshangilia.

"Mnamwona Meku, mzee wetu huyu?" alisema Nesi Scola, amepanda juu ya meza ya muuza vitunguu ili wa nyuma wamsikie. "Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Mtu aliyesakamwa hushika shingo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

Nyama yenyewe haikuwa kubwa. Kipande cha mguu wa ng'ombe, alichokiopoa kwenye bakuli la mtori, supu ya ndizi na nyama, akijua zamu yake bado. Nesi akaita mapema. Mtu mwingine angetema. Lakini Nikodemo alikuwa mpagazi wa mlimani kabla goti halijamkataa, na mpagazi hatemi nyama. Akaimeza nzima nzima, akaingia uwanjani, nayo nyama ikakaa pale ilipokaa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Kazi yake ilikuwa kufa. Nesi Scola alizunguka vijijini na masokoni kufundisha watu huduma ya kwanza. Kwa kubonyeza kifua alikuwa na mdoli wa mpira usio na miguu; kwa mengine yote alikuwa na Nikodemo. Huyu alikwishazama Mabogini, kwenye jaruba la mpunga lenye maji ya kulowesha nyayo, akazama vizuri hata vyura wakanyamaza kwa heshima. Kule Old Moshi aliumwa na nyoka ambaye hakuwepo, na wakulima wawili wakaapa wamemwona akikimbilia migombani. Pale mtaa wa Soweto aligongwa na pikipiki iliyozimwa, mama mmoja akaanza kuchangisha rambirambi. Watoto walimwita Marehemu. "Marehemu, shikamoo!" "Marahaba, wajukuu." Ujira wake ulikuwa chakula cha mchana na nauli, lakini tangu mlima umteme, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza kuwafanya watu wageuke akipita.

Sasa alijaribu kuwaambia. Akajipiga ngumi kifuani. Makofi. Akapiga goti chini, lile lile bovu. "Loo, leo kajitolea!" Akamkamata kola Vedastus, dereva wa bodaboda aliyekuwa mbele kabisa, akamtikisa. Vedastus akacheka hadi kofia ikamdondoka. Mwilini mwa Nikodemo hapakuwa na ishara hata moja ambayo hakuwa ameshaitumia kufurahisha watu. Yeye na Nesi walikuwa na neno moja la kusimamisha mchezo: akiumia kweli, aseme "basi." Walilichagua kwa kuwa ni fupi. Hakuna aliyewaza kwamba neno, hata liwe fupi namna gani, lazima lipite kooni.

"Vedastus, njoo umsaidie," alisema Scola. "Ila huyu ni mzima, hatumpigi kweli. Tunaonyesha tu."

"Meku, inama kidogo." Vedastus akamgusa mgongoni kama anayepima joto la uji. "Pa," alisema kwa mdomo. "Pa. Pa. Pa. Pa."

"Safi! Ikishindikana?"

"Nazunguka nyuma, nakunja ngumi juu ya kitovu, navuta ndani na juu." Akazunguka, akamkumbatia kwa adabu, kama anayecheza muziki na mkwewe. "Hup. Hup."

Nikodemo aliishika ile mikono, akaivuta tumboni mwake kwa nguvu zote. Vedastus akaichomoa.

"Meku, acha kunivuta, nitakuumiza bure!"

Kule juu, karibu na kilele, Nikodemo alizoea hewa haba; aliwahi kuwaambia wageni kwamba hewa ya huko hugawiwa kwa kijiko, na wengine wakaandika. Lakini haba ni kitu. Hapa hapakuwa na kitu. Mabati ya banda yalianza kuingia giza pembeni, na bado alisikia kila neno.

"Mbona leo hana sauti?" alilalamika mtu wa nyuma. "Leo katupunja!"

Maana sauti ndiyo ilikuwa sifa ya Nikodemo. Akiigiza kusakamwa hukoroma, mkoromo mrefu wa trekta lililokwama topeni, hadi mbuzi wa jirani wanakata kamba. Nesi alimkanya mara nyingi. Naye alimjibu, "Nesi, mkoromo ndio mchezo. Nikinyamaza, hawa watarudi kwenye vitunguu."

"Leo kanisikia!" Scola alisema kwa furaha. "Ndivyo ilivyo, ndugu zangu. Njia ikiziba kabisa, mtu hatoi sauti."

Nyuma ya turubai lililogawa banda, Epifania, mke wa Nikodemo, alikuwa anakunja masweta ya mitumba. Hakuwahi kuvuka turubai lile kumtazama mumewe akifa. Wiki iliyopita, katikati ya ugomvi juu ya paa linalovuja, Nikodemo alijishika moyo akaanguka miguuni pake, mbele ya wateja. Epifania alipiga yowe hadi sauti ikamkauka. Ndipo mume akafungua jicho moja. Soko lilicheka mpaka jioni.

"Baba Kindness," alimwambia walipofika nyumbani, "siku ukifa kweli, nitamaliza kwanza kukunja masweta yangu."

Tangu hapo hawakuwa wamesemeshana. Lakini masikio hayana ugomvi. Yalikuwa yanangoja ule mkoromo. Badala yake yakamsikia Nesi akisema: leo kanisikia.

Mikono ya Epifania ikasimama. Nikodemo, kumsikia mtu? Hakumsikia daktari wa goti. Hakumsikia mchungaji. Mama yake mzazi alizikwa akiwa bado anarudia jambo lile lile.

Akakunja mkono mmoja wa sweta. Akakunja wa pili. Labda ni mchezo mpya, alijiambia. Labda yuko huko jicho moja wazi, ananingoja. Akalilaza sweta, likafunguka. Akaliacha, akapita chini ya turubai.

Midomo ya mumewe ilikuwa na rangi ya zambarau zilizoiva.

"Huyo hachezi!"

Umati ukaangua kicheko. "Mama Kindness naye kaajiriwa!"

Lakini Scola alikuwa ameifuata ile sauti kwa macho, akaiona midomo. Kati yake na Nikodemo palikuwa na ukuta wa watu. "Nipisheni! Mama, mwinamishe! Mpige kati ya mabega, kwa kisigino cha mkono! Mpige kweli!"

Epifania hakusema pa. Alipiga kwa mkono wote, kwa paa linalovuja, kwa yowe lile la wiki iliyopita. Nyama haikutoka.

"Zunguka nyuma! Ngumi juu ya kitovu, vuta!"

Akamzunguka, akamkumbatia jinsi anavyolikumbatia belo la mitumba alfajiri, akafunga vidole, akavuta. Kimya. Akavuta tena, na miguu ya Nikodemo ikaacha ardhi.

Wapo wanaosema kile kipande kiligonga bati kabla ya kutua kwenye vitunguu. Pumzi iliyofuata iliingia kwa mlio mbaya, ambao Nikodemo hakuwahi kuuigiza popote.

"Rudieni!" mtu akapaza sauti. "Huku nyuma hatukuona!"

Vedastus alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Scola alifika akitweta, akamshika Nikodemo kidevu, akamkagua midomo. "Imetoka, Mama. Mwachie akae, kisha twende naye hospitali wamwangalie tumbo. Mama? Mwachie."

Epifania hakumwachia. Paji la uso wake lilikuwa mgongoni kwa mumewe, shati limeanza kulowa. Nikodemo alitafuta neno la kuchekesha, akalipata, akaliacha. Alijaribu kuvibandua vile vidole kimoja kimoja. Havikubanduka.

"Mama Kindness," alisema kwa sauti iliyokwaruzwa.

"Nyamaza. Pumua."

Akapumua. Kila alipovuta hewa, mikono ile ililegea kidogo kumpisha. Kila alipoitoa, ilikaza tena.