Jina la Ganeshi kwenye Mstari wa Kwanza

Katika sikukuu ya dada kubariki kaka zao, saa ya heri ya kumpaka kaka rangi za baraka kwenye paji la uso ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Sunkesari, anayefagia na kupika chai katika redio ndogo ya mlimani, alishaandaa rangi zote saba na shada la maua ya manjano. Aliyekosekana ni kaka mwenyewe. Tek alikuwa Doha, juu ya jengo lisilokwisha, na msimamizi wake alimpa robo saa tu ya kusikiliza. Redio ilikuwa imewaahidi akina dada kuwarushia baraka zao kwa mtandao.

Mtandaoni kimya.

"Inagoma kuwaka," alisema Dambar, fundi wa redio, akiipiga seva, kompyuta ya kurusha matangazo mtandaoni, makofi kama anayeamsha mbuzi. "Nimezima, nimewasha, nimezima. Programu hii ya Linux ina kichwa kigumu kuliko mjomba wangu!"

"Inasemaje?"

"Eti mstari wa kwanza wa faili la mipangilio haiuelewi. Uongo! Mipangilio inaanzia mstari wa tatu."

"Wa kwanza una nini?"

"Hakuna kitu, dada. Salamu tu."

Sunkesari aliweka birika chini. Jana alimwona Dambar akifungua faili jipya: alivua viatu, akakutanisha viganja, akaandika jina la Ganeshi, mungu wa mianzo mipya, juu kabisa, kama afanyavyo kila mtu kwenye daftari jipya.

"Kaka Dambar, salamu hizo mashine itazijulia wapi? Si itadhani ni amri?"

Dambar akashika kichwa. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta, kikarudi kama kimeungua. "Nimfute Ganeshi? Leo, sikukuu? Futa wewe!"

"Thubutu! Mimi nina kaka juu ya jengo."

Zilibaki dakika saba. Sunkesari akainamia kioo. "Na hii mistari ya kijivu, mbona mashine haijailalamikia?"

"Hayo maelezo ya mafundi. Ukitanguliza alama ya reli, hii #, mashine inaruka, haisomi k..." Dambar akarudi kwenye mstari wa kwanza. Akabonyeza alama hiyo mara moja mbele ya jina. Jina likageuka kijivu, pale pale lilipokuwa.

Akawasha upya; huduma ya mtandaoni ikawaka.

Sunkesari akachovya kidole. Paji la Tek likiwa mbali, akakipaka kipaza sauti rangi zote saba, Dambar akiguna kwa uchungu.

"Kaka Tek, inamisha kichwa."

Ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Nimevua kofia ya chuma, nimeinama. Dada, paka rangi nyingi, wenzangu kumi na mmoja nao wameinama."