Majani ya Kusafisha

Kazi yetu ni kulima sumu. Tunapanda haradali kwenye kiwanja kilichokuwa kiwanda cha betri. Mizizi inafyonza madini ya risasi yaliyojaa ardhini, majani yanayatunza, kisha tunang'oa kila kitu na kukifunga kwenye magunia yanayochukuliwa na lori. Kadiri jani linavyonona ndivyo linavyobeba sumu zaidi. Msimamizi wetu ni mtu wa mizaha, lakini kwa hilo hatanii: hakuna jani linalotoka getini.

Jioni moja nilifika nyumbani, nikavua buti nje kama kawaida. Kutoka jikoni ikanijia harufu kali ya kuwasha pua, harufu ile ile ya glavu zangu. Nilikimbilia ndani.

Mama mkwe alikuwa amempakata mwanangu, anamnywesha maji ya kijani kwa kikombe.

"Malizia, mume wangu," alimbembeleza mjukuu wake.

"Mama, hicho ni nini?"

"Dawa ya vipele. Si wewe uliyesema majani yenu yanasafisha? Udongo wote ule yauweze, damu ya mtoto iyashinde?"

"Umeyatoa wapi?"

"Kule nyuma ya kiwanja chenu, ukuta ulikobomoka. Nimechagua yaliyonona."

Nilimpokonya kikombe, kikaanguka. Nilimweleza huku maneno yakikanyagana. Hayasafishi kama sabuni, mama. Yanakula uchafu, na uchafu unabaki humo humo ndani yake.

Mama mkwe wangu ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha. Safari hii hakubisha. Alijifunga khanga, akambeba mtoto, akatangulia mlangoni. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli.

Zahanati ilikuwa bado wazi. Daktari alimlaza mtoto kitandani, akambonyeza tumbo, akamtoa damu. Nilikuwa nimeshika mguu wa mwanangu.

"Ameanza kunywa lini?"

"Leo," nilidakia. "Ni leo tu, daktari. Nimemkuta na kikombe cha kwanza."

Daktari hakunitazama mimi. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa ameinamisha kichwa, anasokota ncha ya khanga.

"Bibi?"

"Tangu walipoanza kung'oa yale ya mwanzo," alisema kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi, mama yake akishaondoka; leo tu nilichelewa. Vipele vilikuwa vinapungua, nikajua inafanya kazi."

Tulikuwa tumeshavuna, tukapanda, tukavuna tena.

Daktari alimpungia mtoto kalamu mbele ya macho. Mtoto hakuinyakua.

"Mama," aliniuliza taratibu, "anacheza kama zamani?"

Niligeuka kumtazama mwanangu. Siku hizi ametulia. Hakimbii, hapandi meza, hasumbui mtu, na mimi nimekuwa nikimsifu kwa majirani kwamba mwanangu amekua, ana adabu.